Shokapu za Prado 120 kwa vumbi na mzigo: anza na springi

Swali la msomaji wa Morogoro, kwa ufupi: Ana Toyota Prado 120 ya mwaka 2004, ya dizeli. Kila baada ya wiki mbili huenda shamba Kilosa na kurudi na magunia matatu ya mahindi pamoja na abiria wawili. Gari linadunda sana kwenye vumbi, na likipakiwa linalala nyuma. Anataka shokapu ngumu zaidi na kuinua gari kama inchi mbili. Dukani ameonyeshwa aina tatu: KYB za kimo cha kawaida, seti ya Old Man Emu yenye springi zake, na shokapu za gesi zisizo na jina la kueleweka, zenye maandishi ya "heavy duty", zikiwa na spesa za kuinulia, yaani vipande vya kuongezea kimo. Fundi wake naye anasema zilizopo zinaweza kujazwa oili nzito zikarudi kuwa ngumu. Achague ipi, na akibadilisha mbili za nyuma tu itatosha?

Jibu:

Ndugu yangu, umeeleza matatizo mawili kana kwamba ni moja, na hapo ndipo watu wengi hupoteza hela. Gari kudunda ni suala la shokapu. Gari kulala nyuma likipakiwa ni suala la springi. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kunesa baada ya kubanwa. Fungua shokapu zote mbili za nyuma za Prado yako na gari halitashuka. Kwa hiyo ukifunga shokapu ngumu kuliko zote za Kariakoo juu ya springi zilizochoka kwa miaka ishirini, nyuma itaendelea kulala vilevile, na mgongo wako ndio utakaolipa tofauti.

Kuna jambo moja linalowafanya watu waamini kinyume chake. Shokapu ya gesi yenye bomba moja husukuma fimbo yake nje muda wote. Gesi ikiwa na mgandamizo wa bar 25 na fimbo ikiwa na kipenyo cha milimita 14, msukumo unafika kama kilo 39 kwa kila shokapu. Hiyo inaweza kuinua nyuma ya gari sentimita moja au kuzidi kidogo, mwenye gari akafurahi. Lakini ukitupia magunia matatu, kilo hizo 39 zinabaki zilezile, na gari linalala kama zamani.

Tuanze na mzigo wenyewe. Magunia matatu ya kilo 100 ni kilo 300. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye Prado 120 ya milango mitano ni milimita 2,790. Magunia yakikaa kwenye buti, tuseme katikati yake iko nusu mita nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma haibebi kilo 300. Inabeba kama 354, na zile 54 za ziada zimeondolewa mbele. Ndiyo maana ukipakia usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu ya miti. Kulaza viti na kusogeza magunia hadi karibu na ekseli kunapunguza tatizo kwa kiasi ambacho hakuna shokapu inayoweza kukupa, na ni bure. Ongeza abiria, dumu la maji, jeki, tairi la akiba, kisha linganisha jumla na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Ukipata nafasi ya kupita kwenye mizani ya kiwanda au mashine ya kukoboa, pima mara mbili: magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake, gari likiwa tupu na likiwa limepakiwa. Namba hizo nne ndizo muuzaji mzuri wa springi atakazokuomba.

Wakati huohuo pima kimo. Gari likiwa mahali pa tambarare, chukua futi kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye ukingo wa bodi juu yake, kwa magurudumu yote manne, na uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Kushoto na kulia vikitofautiana zaidi ya sentimita moja hivi, springi moja imechoka kuliko mwenzake, au imevunjika mzingo wa mwisho, jambo ambalo hutokea sana na huonekana tu ukilala chini na tochi.

Ukiwa bado chini, kagua na vingine. Bushi (raba za kwenye viungo) za mikono ya nyuma, vile vyuma vinavyoishikilia ekseli, zikiwa zimepasuka, gari litayumba hata ukifunga shokapu za mashindano. Raba za kugotea, zile zinazopokea pigo springi ikibanwa hadi mwisho, zikiwa zimeliwa zikabaki vipande, maana yake sasipensheni imekuwa ikigota muda mrefu. Tairi lililoliwa kwa mabonde mabonde, ukipitisha kiganja juu yake unasikia mawimbi, ni ushahidi wa shokapu isiyoshika tena. Shokapu yenye ukungu mwembamba wa oili karibu na sili, ile raba inayozuia oili isivuje pale fimbo inapotokea, bado inaweza kuwa nzima. Ile ambayo oili imetiririka hadi chini na kushika tope imekwisha. Kipimo kizuri kuliko kulibonyeza gari kwenye kona ni hiki: endesha kilomita 15 hadi 20 kwenye vumbi lenye mawimbi, simama, na sogeza kiganja karibu na kila shokapu. Shokapu inayofanya kazi huwa ya moto, wakati mwingine ya kuunguza, kwa hiyo usiishike kwa pupa. Iliyopoa wakati wenzake ni moto haifanyi kazi yoyote.

Joto hilo ndilo hoja kubwa ya barabara ya Kilosa. Chukua mawimbi ya vumbi yaliyoachana sentimita 75. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kila gurudumu linapigwa karibu mara 15 kwa sekunde, na hiyo ni karibu kabisa na kasi ambayo gurudumu na ekseli hupenda kurukaruka vyenyewe. Dakika kumi tu ni mapigo 8,900. Kila pigo linageuzwa kuwa joto ndani ya oili. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na ikichanganyika na hewa inatoka povu. Povu likipita kwenye vali za pistoni halina upinzani, na hapo dereva anasema "shokapu zimekufa" japo zikipoa zinafufuka. Mtu anayelalamika kwamba gari lake ni zuri asubuhi na baya kufikia mchana ana tatizo la joto. Ugumu hautamsaidia.

Sasa kuhusu neno "gesi", maana limetumika vibaya mno madukani. Shokapu zote unazoonyeshwa zinatumia oili. Gesi, kwa kawaida naitrojeni, iko mle ili kuibana oili isitoe povu. Zipo namna tatu za kutekeleza hilo. Ya kwanza ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine, na gesi ya mgandamizo mdogo juu ya oili kwenye bomba la nje. Ndivyo zilivyo KYB Excel-G na Old Man Emu Nitrocharger. Ni laini, zinavumilia jiwe likigonga bomba la nje likabonyea, na bei yake inavumilika. Udhaifu wake ni kwamba oili ya ndani imezungukwa na oili nyingine, kwa hiyo joto linachelewa kutoka. Ya pili ni bomba moja, ambamo oili na gesi vimetenganishwa na pistoni inayoelea na gesi iko kwenye mgandamizo mkubwa. Hizi ni kama Bilstein B6, Bilstein 5100 na KYB Gas-a-Just. Joto linatoka moja kwa moja kwenye ukuta wa bomba, na pistoni inaweza kuwa kubwa zaidi. Pistoni ya Bilstein ya milimita 46 ina eneo la sentimita za mraba 16.6, wakati ya milimita 36 ina 10.2. Eneo likiwa kubwa, nguvu ileile inapatikana kwa mgandamizo mdogo wa oili na vali hazihangaiki. Udhaifu wake ni huu: bomba likibonyezwa na jiwe, pistoni inakwama au inakwaruza, na safari imeishia hapo. Ya tatu hutumia povu gumu lenye vishimo vilivyofungwa badala ya gesi ndani ya mabomba mawili, na huwa na oili nyingi zaidi. Ironman 4x4 na Tough Dog za Australia wanazo. Kwa safari ndefu ya vumbi na mzigo ni chaguo zuri, ingawa ni nzito na zinahitaji nafasi.

Kwa KYB kuna siri ndogo inayosaidia unapoongea na muuzaji. Namba ya bidhaa ikianza na 4 kwa kawaida ni ya oili tupu, ikianza na 3 ni gesi ya mabomba mawili, ikianza na 5 ni gesi ya bomba moja. Ukiuziwa "KYB ya gesi ya bomba moja" yenye namba inayoanza na 3, aliyekosea ni muuzaji au ni boksi.

Ugumu nao una pande mbili, na hapa ningependa uelewe vizuri kwa sababu ndipo "heavy duty" zisizo na jina zinapoangusha watu. Shokapu ina upinzani wakati wa kubanwa na upinzani wakati wa kutanuka. Ule wa kutanuka ndio unaoituliza springi isiirushe bodi juu. Watengenezaji wa bei rahisi hupata "ugumu" kwa kukaza vali za kutanuka tu. Ukiibonyeza dukani unaona ni ngumu kuivuta, unaridhika. Barabarani, gurudumu likipanda wimbi springi inabanwa, halafu kabla haijapata muda wa kurudi wimbi la pili limefika, la tatu, la nne. Gari linazidi kushuka kidogo kidogo hadi linakaa juu ya raba za kugotea, na dereva anahisi linagonga kama halina shokapu. Dawa anayopewa ni shokapu ngumu zaidi, na tatizo linazidi.

Shokapu inapaswa kuendana na springi na uzito. Hesabu yake si ngumu: ukiongeza ugumu wa springi kwa asilimia 20, upinzani wa shokapu unahitaji kuongezwa kwa karibu asilimia 10 tu ili gari litulie vilevile. Hii ndiyo sababu napendelea seti ambayo springi na shokapu zimepangwa na mtengenezaji mmoja kuliko kuchanganya kwa kubahatisha.

Kwa nyuma ya gari lako, duka litakupa springi za daraja kadhaa: za gari tupu, za mzigo wa wastani wa kudumu, na za mzigo mkubwa wa kudumu. Msisitizo uko kwenye "kudumu". Wewe unabeba mzigo siku moja katika kumi na nne. Ukichukua za mzigo mkubwa, siku kumi na tatu zilizobaki gari tupu litakuwa linarukaruka nyuma kama pikapu, litateleza kwenye kona za vumbi, na shokapu zitapata kazi ngumu ya kuzizuia springi zisizo na uzito juu yake. Chagua za mzigo wa wastani, zile ambazo kwa kawaida huandikwa hadi kilo 200 hivi, kisha weka maputo ya hewa ndani ya springi za nyuma kwa ajili ya siku ya magunia. Unajaza kwenye kituo cha mafuta kabla ya kupakia hadi nyuma irudi kimo ulichoandika, ukizingatia kikomo cha mtengenezaji wa puto, na ukishusha unapunguza. Usiache kabisa bila upepo. Psi 5 hivi zibaki, vinginevyo puto linajikunja na kuchanika. Soma pia maelezo yake kuhusu raba ya kugotea, kwa sababu baadhi ya seti hutaka iondolewe au ikatwe, na raba hiyo isipotolewa inatoboa puto. Lakini kabla ya hayo yote hakikisha gari lako lina springi za chuma nyuma. Baadhi ya Prado 120 zilitoka kiwandani na mifuko ya hewa, na hesabu yake ni nyingine.

Shokapu zenye kitasa cha kurekebisha ugumu, kama zile za Tough Dog zenye hatua 9, zinafaa kweli kwa mtu wa aina yako. Unaweka chini gari likiwa tupu, unapandisha hatua kadhaa likipakiwa. Sharti uwe mtu wa kukumbuka kulala chini ya gari na kukizungusha.

Inchi mbili za kuinua: mbele, Prado 120 ina sasipensheni ya mikono miwili, na springi iko juu ya shokapu kama kitu kimoja. Kitu hicho kimekaa sehemu ya katikati ya mkono wa chini, ndiyo maana spesa ya milimita 25 juu yake huinua gurudumu kwa karibu milimita 50. Watu hawajui uwiano huo, wananunua spesa ya milimita 50 wakidhani watapata inchi mbili, na gari linapanda inchi nne. Lakini hata ile ya milimita 25 ina tatizo ambalo muuzaji hatakwambia. Spesa inaisukuma shokapu yote chini. Gurudumu likining'inia shimoni, linashuka zaidi ya kiwanda kilivyopanga, na sivijointi (viungo vya shafti inayozungusha gurudumu), boljointi (viungo vya mpira wa chuma kwenye mikono) na mkono wa juu vinafika mwisho wake kabla ya shokapu kufika mwisho wa yake. Buti la sivijointi linakunjika, linachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Kuinua kwa springi ndefu zaidi kidogo au ngumu zaidi, pamoja na shokapu iliyotengenezewa kimo hicho, kunaacha mwisho wa kushuka ukiwa chini ya mamlaka ya shokapu. Kwa gari lako ningekomea milimita 40 mbele, nyuma milimita 40 hadi 50. Milimita 50 mbele ndio mpaka wa kawaida bila kubadilisha mikono ya juu. Ukiupita unaingia kwenye gharama nyingine kabisa.

Nyuma kuna fimbo ya ubavuni inayoishikilia ekseli isiende kushoto wala kulia. Ukiinua gari, ekseli nzima inasogea upande mmoja kwa milimita kadhaa. Kwa milimita 40 utaiona kwa kipimo tu, na unaweza kuiacha.

Urefu wa shokapu za nyuma lazima upimwe. Kuangalia picha kwenye boksi hakutoshi. Baada ya kufunga springi mpya, shusha ekseli kwa jeki hadi mpira wa breki au waya wa ABS unakaribia kukazika, na hakikisha springi bado imekaa kwenye vikombe vyake. Pima toka pini ya juu hadi tundu la chini: shokapu ikitanuka kabisa isizidi hapo. Kisha pandisha ekseli hadi iguse raba ya kugotea na upime tena. Shokapu ikibanwa kabisa iwe fupi kuliko kipimo hicho kwa angalau milimita 20, kwa sababu raba yenyewe huendelea kubonyea likipigwa shimo kubwa. Shokapu ndefu kupita kiasi hugota ndani kwa ndani, na hapo ama pistoni inavunja vali ya chini au pini ya juu inang'oka. Fupi kupita kiasi inakuwa ndiyo kamba inayozuia ekseli isianguke, na sili inachanika ndani ya miezi michache.

Angalia pia juu ya shokapu zako za sasa kama kuna waya wa umeme. Baadhi ya Prado za toleo lako zina TEMS, mfumo wa kubadili ugumu kwa swichi iliyo karibu na gia. Shokapu za kawaida zinaingia, ila swichi haitakuwa na kazi tena na taa yake inaweza kupepesa kwenye dashibodi. Mota ndogo za juu ya shokapu zivuliwe, zifungwe vizuri dhidi ya maji na kuhifadhiwa, zisiachwe zikining'inia.

Kwa chaguzi tatu ulizopewa, basi. Za gesi zisizo na jina pamoja na spesa, ziache. Hakuna jedwali la urefu, hakuna anayejua vali zake, na spesa nimeshaeleza. KYB za kimo cha kawaida ni nzuri kabisa kama utaamua kutoinua gari: zifunge na springi mpya za kimo cha kiwandani na maputo nyuma, utatatua karibu malalamiko yako yote kwa hela ndogo kuliko seti. Usizifunge kwenye springi zilizoinuliwa, kwa sababu zitakuwa zimetanuka karibu na mwisho wake hata gari likiwa limesimama, na kila shimo litazigonga juu. Kwa vile unataka kimo na unapita vumbi lenye mzigo, seti ya Old Man Emu ndiyo ningechukua, springi za mbele za gari lisilo na bampa la chuma, na za nyuma za mzigo wa wastani. Wauzaji wengi hupenda kukupa springi za mbele za gari lenye bampa na winchi kwa sababu ndizo zilizobaki stoo. Bampa la chuma na winchi ni kama kilo mia; bila uzito huo pua itabaki juu, mbele itakuwa ngumu, na usukani hautatulia. Hakikisha namba ya springi kwa kila upande, kwani baadhi ya seti zina springi ya upande wa dereva iliyo ndefu kidogo. Bilstein ni bora kwa joto, na kama ungekuwa unakwenda Kigoma kila wiki ningekusukuma huko.

Nunua kwa mtu anayekupa risiti yenye namba za bidhaa. Bandia zipo nyingi Gerezani na hata Kirinyaga Road kule Nairobi. Linganisha namba iliyopigwa kwenye bomba na ya kwenye boksi, angalia mshono wa kulehemu wa tundu la chini, na linganisha uzito wa shokapu mbili za boksi tofauti. Za kweli hazitofautiani. Za mtumba kutoka Japani sizishauri kwa safari zako. Sili ya raba huzeeka hata ikiwa rafuni, na hujui ilikaa miaka mingapi.

Kuhusu oili nzito ya fundi wako: kataa. Kinachofanyika ni kutoboa bomba, kumimina oili ya gia au ya injini, na kuziba kwa kulehemu. Gesi imetoka, sili ni ileile iliyovuja, na oili nzito ni ngumu mno ikiwa baridi na hubadilika sana ikipata moto, kwa hiyo asubuhi gari linagonga na mchana tabia yake ni nyingine. Zaidi ya hayo ni hatari. Shokapu ya bomba moja ina gesi ya bar 20 na zaidi. Kuitoboa au kuilehemu kunaweza kumrushia mtu vipande usoni. Kukata springi, kuzichoma kwa gesi au kuzipachika raba katikati ya mizingo ni ndugu wa mchezo huohuo: springi inavunjika pale pale palipoguswa.

Ufungaji una mambo manne ambayo gereji nyingi huyaruka, na ningekaa pale kuyasimamia. La kwanza, shokapu ya mabomba mawili iliyokuwa imelazwa dukani huwa na hewa kwenye bomba la ndani. Isimamishwe wima jinsi itakavyofungwa, ivutwe na kubanwa polepole hadi mwisho mara tano au sita, hadi upinzani uwe sawa njia nzima. Ikifungwa bila hivyo itagonga, na utarudi dukani kudai ni mbovu.

La pili, fimbo inayong'aa isishikwe kwa plaizi wala spana ya bomba. Mkwaruzo mmoja unakata sili. Nati ya juu ikazwe kwa spana huku ncha ya fimbo imeshikwa kwa spana yake ndogo. Mashine ya upepo huizungusha fimbo na inaweza kulegeza pistoni ndani.

La tatu, springi ya mbele ifunguliwe kwa vibanio viwili vizima, vimekaa pande mbili zinazotazamana. Kamba na waya havifai hata kwa dakika moja. Springi ya mbele ya Prado ikifyatuka inavunja mkono au taya. Kama gereji haina vibanio, peleka shokapu na springi zikaunganishwe mahali penye navyo.

La nne ndilo husahaulika kuliko yote. Boliti zinazopita kwenye bushi, ile ya chini ya shokapu na za mikono, zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, bushi inabaki imejisokota siku zote, gari linakaa juu kuliko inavyotakiwa kwa wiki kadhaa, halafu raba inapasuka na gari linashuka. Mtu anailaumu springi.

Baada ya kuinua, alaimenti ni lazima siku hiyohiyo au kesho yake. Prado 120 hurekebishwa kwa boliti mbili za mkono wa chini kila upande, zenye sahani za kuzungushia. Kwa umri wa gari lako zina uwezekano mkubwa wa kushikana na kutu ndani ya bushi. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu kwa siku tatu nne kabla, asubuhi na jioni. Zisipozunguka, zinakatwa kwa grainda na kuwekwa boliti mpya na bushi mpya, kwa hiyo tenga fedha hiyo mapema. Omba karatasi ya vipimo. Kasta, yaani mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, hupungua gari likiinuliwa. Ikishuka chini ya digrii 2, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari linatangatanga kwenye lami. Ikiwa karibu na 3, na kushoto na kulia zimepishana kidogo tu, umekaa vizuri. Taa za mbele nazo zirekebishwe.

Springi mpya hushuka kidogo zikizoea, kwa hiyo usishangae kupoteza milimita tano au kumi mwanzoni. Baada ya kilomita 500 kaza boliti zote upya kwa spana ya kipimo, pima tena kile kimo cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, na angalia kama kuna alama ya msuguano kwenye mpira wa breki, waya wa ABS na mabuti ya sivijointi. Kimo kikiwa kimeshuka zaidi upande mmoja, huenda springi zilifungwa upande usio wake. Upepo wa tairi uwe kama alivyoagiza mtengenezaji ukiwa na mzigo, na ukiingia vumbi ukiwa mtupu unaweza kupunguza psi nne au tano. Hiyo nayo inapunguza kazi ya shokapu kwa kiasi kinachoonekana.

Mbili za nyuma tu: inawezekana, kwa sharti kwamba hujainua gari na za mbele zimefaulu lile jaribio la joto. Usibadilishe moja peke yake kwenye ekseli, kwa sababu gurudumu moja litashika na jingine litaruka, na ukifunga breki kwenye kona ya vumbi gari litavuta upande. Kwa seti ya kuinua, badilisha zote nne pamoja na springi zake. Fedha ikiwa haitoshi mwezi huu, funga springi na shokapu za nyuma za kimo cha kawaida kwanza, sogeza magunia mbele, na uiache hoja ya inchi mbili hadi utakapoweza kuifanya pande zote.